Bourrée ya Bach kwa grupu: anzeni na besi

Mkuu, umeuliza kama nyie wanne mnaweza kujifunza kwa gitaa Bourrée ya Bach (kipande cha mtindo wa dansi ya zamani), ile ya E maina (namba BWV 996 kwenye orodha ya kazi zake), kwa Zoom. Kujifunza mnaweza, ila kupiga wote pamoja laivu sahau kabisa, sauti inachelewa kidogo na hako kakidogo kanatosha kuvuruga mapigo yote, bora kila mtu ajirekodi na metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) atupie klipu kwenye grupu, Zoom iwe ya kusikilizana na kukosoana tu.

Kipande chenyewe kifupi, vipimo 8 vinarudiwa, kisha 16 navyo vinarudiwa. Kazi iko kwenye zile sauti mbili, ya juu na ya chini yaani besi, maana hiyo besi siyo ya kusindikiza bwana, ni wimbo kamili unaotembea wenyewe, na wengi wanaipiga kama imebandikwa. Kwa hiyo wiki ya kwanza kila mtu apige besi peke yake kwa kidole gumba huku anaimba ya juu, hata kama sauti mbaya, nani anajali. Halafu kubalianeni mapema vidole vya mkono wa kushoto, la sivyo hamtaweza kusaidiana. Spidi ya mapigo 60 kwa dakika inatosha kwanza, hao wa YouTube waacheni na mbio zao.