Kabla ya kununua balbu, tafuta ethi

Tulikuwa tunarudi harusini Mtwapa, mke wangu mbele, shangazi zangu wawili nyuma na sinia la pilau mapajani mwao. Karibu na Shanzu nikasikia harufu kama ya ndara iliyotupwa motoni. Nikalaumu lori lililokuwa mbele. Kisha nikapiga fulu, ile taa ya kumulika mbali, kwa mguu, na taa zote mbili zikazimika kama koroboi iliyopulizwa. Shangazi mmoja akavuta shahada. Mwengine akauliza kama petroli imekwisha.

Gari ni Morris Minor ya 1963 niliyoachiwa na marehemu baba, na kosa lilikuwa langu. Naliandika hapa kwa sababu haupiti mwezi bila kijana kuniuliza gari lake la zamani alitie balbu gani ndipo limulike vizuri. Hilo ndilo swali nililoanza nalo mimi.

Taa zangu zilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Nikaenda duka la spea, nikaambiwa zipo balbu za wati 100, nikalipa, nikatia. Usiku wa kwanza nilifurahi. Hesabu niliifanya baadaye, pilau limeshapoa: balbu mbili za wati 100 ni wati 200, ukigawa kwa volti 12 unapata karibu ampea 17. Balbu ambazo gari lilitengenezewa zilikuwa za kama wati 40 hadi 50. Ampea zote hizo zapita kwenye swichi ya dashibodi, kisha kwenye ile swichi ya kukanyaga sakafuni, kwa waya mwembamba wenye umri mkubwa kuliko wangu. Na kwenye magari haya taa kubwa hazina fyuzi kabisa. Kwa hivyo kilichoungua badala ya fyuzi ni swichi ya mguu, na plastiki yake nikaikuta imemwagika chini ya zulia.

Tena dinamo ya gari hili, hata ukiwa mbio, haivuki ampea 22. Ukiwa sailensa, yaani umesimama injini ikiwaka, haitoi kitu cha maana. Mwenye kupanga foleni ya feri Likoni usiku, mvua inanyesha na waipa zinafanya kazi, anajua taa zinavyosinzia.

Nilibadilisha swichi, nikarudisha balbu za kawaida, na ile rangi ya chai ikarudi vile vile. Ndipo nikampelekea ami mmoja Majengo, fundi waya wa siku nyingi, ambaye kazi zake huzifanyia chini ya mkungu. Hakufungua kitu. Aliomba tu waya mrefu.

“Washa.”

Nikawasha. Ncha moja akaibana kwenye nguzo ya betri ya upande wa ethi, yaani ile iliyofungwa kwenye bodi ya gari, ambako umeme hurudia. Ncha ya pili akaikwaruza kwenye kikombe cha taa ya kushoto, akakwaruza mpaka rangi ikabanduka na chuma kikaonekana. Taa ikaruka kutoka manjano hadi nyeupe. Akaondoa waya, ikafifia. Akagusisha, ikafufuka.

“Umeme umeupa njia ya kwenda, mwanangu,” akasema. “Ya kurudi umeiziba na rangi.”

Tukachukua mita. Taa zikiwa zinawaka na injini imezimwa, kwenye betri zilikuwa volti 12.4, kwenye tundu la balbu 9.9. Volti moja na nusu ilipotelea kwenye ethi, na moja hivi kwenye swichi na viungo. Volti mbili na nusu waweza kuziona ni kidogo, lakini balbu haihesabu hivyo. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga huondoka kwa karibu asilimia 30. Mimi nilikuwa nimepungukiwa na asilimia 20, yaani zaidi ya nusu ya mwanga ilikuwa haifiki barabarani. Ningetia balbu ya wati 100 au 200, ugonjwa ungekuwa ule ule, joto tu ndilo lingezidi.

Kwenye Morris, taa imekaa ndani ya madigadi, na madigadi yameshikwa na bodi kwa bolti. Umeme hurudi betrini kwa njia hiyo. Piga rangi mara mbili, ongeza kutu, hiyo njia imekwisha. Na hapa kwetu kusi likivuma chumvi huingia hata kabati la nguo, seuze kiungo cha waya nyuma ya bampa. Nilipochuna waya wangu wa taa, shaba ndani ilikuwa nyeusi, na rangi ya kijani imetambaa kama kidole kizima kutoka kwenye kiungo. Waya wa hivyo usiungwe juu kwa juu. Kata, rudi nyuma mpaka uione shaba inang'aa. Usipoiona, toa waya wote.

Kazi yenyewe niliimaliza kwa Jumamosi mbili. Kwanza nikachomoa betri, upande wa ethi. Tahadhari hapa: Morris hizi ethi yake ni chanya, si hasi kama magari ya leo. Wapo waliozigeuza, kwa hivyo tazama ni nguzo ipi iliyofungwa kwenye bodi kabla ya kuamini neno langu. Mpwa wangu alifunga tundu la kuchajia simu bila kutazama, akamaliza chaja mbili na kuanza kulilaani gari. Taa za LED nazo zaweza kukataa kabisa kwa sababu hiyo hiyo.

Nikavuta waya mweusi mpya kutoka kila taa hadi bolti moja karibu na betri, niliyoipiga msasa mpaka ikawa kama kijiko. Hiyo peke yake, kabla sijagusa kingine, ilirudisha sehemu kubwa ya mwanga. Kama mfuko hauruhusu zaidi, ishia hapo, utakuwa umefanya la maana.

Mimi niliendelea, nikatia rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme kidogo ili zipitishe mwingi, moja ya fulu na moja ya dimu, ile taa ya chini. Rangi za waya za magari ya Kiingereza ya wakati huo zinasaidia sana: kahawia umetoka betri, buluu unatoka swichi ya dashibodi kwenda ya mguu, buluu wenye mstari mweupe ni fulu, buluu wenye mstari mwekundu ni dimu. Hiyo miwili ya mwisho haibebi tena mzigo wa taa. Inakwenda pini ya 86 kuiamsha rilei tu. Pini ya 85 ni ethi. Pini ya 30 inapokea moto kutoka betri kwa waya mnene, 87 inaupeleka kwenye taa. Chagua rilei zisizo na dayodi ndani, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu ya ile ethi chanya, na uzifunge pini zikitazama chini maji yasituame.

Fyuzi nilitia ya ampea 10 kwa kila taa, kushoto mbali na kulia mbali. Ikikatika moja, unabaki na jicho moja la kukufikisha nyumbani. Fundi akikuambia moja inatosha zote, mkumbushe giza la Shanzu.

Usikubali waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Gari linatetemeka, nao hukatikia ndani ya ngozi, nje unaona mzima. Na viungo vya kusokota na kufunga tepu hapa Mombasa ni kazi bure: joto la boneti huyeyusha gundi, na baada ya miezi mitatu tepu imejivua kama gamba la nyoka. Nilibana kwa plaisi, nikapaka vaselini. Waya wa taa ni wa milimita 2.5 za mraba.

Baada ya hapo tu ndipo nikanunua vioo vya inchi 7 vya balbu aina ya H4, wati 60 za fulu kwa 55 za dimu. Angalia vimetengenezewa nchi za kuendesha upande wa kushoto wa barabara. Vilivyotoka bara la Ulaya huinua mwanga kulia, yaani ndani ya macho ya dereva wa matatu anayekuja, naye atakujibu kwa fulu yake. Vyetu vinapaswa kuinuka kushoto, kwa waendao kwa miguu. Nililisimamisha gari mbele ya ukuta wa jirani magharibi ikiingia, nikapiga mistari ya chaki kwa urefu wa taa, nikakaza skrubu mpaka dimu ikakaa chini kidogo ya mstari.

Mita sasa, injini imezimwa na taa zinawaka: betri 12.4, tundu la balbu 12.1. Jirani ameniuliza ile chaki nitaifuta lini.