Igeuze Sanamu Kabla Hujamtazama Usoni

Baadhi yenu mlioko China mmeniuliza mtazame nini mnapokutana na sanamu za kale za mbao za miungu wa kike wa dini ya Tao. Nilianza kuzipenda nilipokuwa nikisoma Changsha, mkoani Hunan, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: igeuze. Uso utakuvutia, lakini habari ziko mgongoni.

Sanamu nyingi za Hunan ni ndogo, sentimita 20 hadi 30 hivi, kwa kuwa zilikaa kwenye madhabahu ya nyumbani. Mgongoni mchongaji alitoboa kishimo, akakiziba kwa kipande cha mbao. Ndani waliweka majani ya dawa na karatasi iliyokunjwa, yenye jina la kijiji, majina ya wenye nyumba, tarehe na haja iliyowafanya waiagize, na mara nyingi jina la fundi pia. Mzee mmoja muuzaji alinionyesha sanamu ambayo kifuniko chake kilikuwa kimeshalegea. Karatasi yake ilikuwa na rangi ya chai, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Mwenzangu wa darasani akanisomea polepole: familia inaomba amani, mifugo isife, watoto wakue. Tarehe ilikuwa mwaka wa 9 wa utawala wa mfalme Guangxu, yaani 1883. Dukani walimwita Mama Malkia wa Magharibi, kumbe kwa karatasi ile ni bibi wa ukoo ule, maana huko hata wazee waliotangulia huchongewa sanamu.

Kwa hiyo usinunue jina. Mama Malkia wa Magharibi, Xiwangmu, hujulikana kwa tunda la pichi la maisha marefu. Doumu, mama wa nyota za kaskazini, ana mikono mingi, na mara nyingi miwili imeinua jua na mwezi. Mazu, mlinzi wa mabaharia anayeabudiwa sana Fujian na Taiwan, mara nyingi huvaa taji bapa juu lenye shanga zinazoning'inia mbele. Huyu Mazu ananigusa kwa namna ya pekee. Mwaka 1431 Zheng He, amiri wa China ambaye merikebu zake zilifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, alisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, kumshukuru. Jiwe linasimulia taa ya mungu huyo iliyowaka juu ya mlingoti wakati wa tufani, na mawimbi yakatulia.

Kuhusu umri, tazama masizi. Udi ulifukizwa mbele ya sanamu miaka na miaka, kwa hiyo weusi wa kweli hujaa zaidi usoni, kifuani na kwenye mikunjo ya nguo, na hupungua mgongoni. Weusi uliolingana kila mahali umepakwa. Tazama na matundu ya bungua: mdudu hutoboa ovyo, njia zikipinda ndani ya mbao, matundu yaliyonyooka yenye nafasi sawa ni ya keekee. Ukiona unga mpya chini ya sanamu, wadudu wangali hai. Itenge na mbao nyingine za nyumbani, umwone mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale.

Usiioshe, usiipake mafuta, wala usiing'arishe. Brashi laini kavu inatosha, na palipo na rangi inayobanduka usiguse kabisa. Kifuniko kikiwa bado kimefungwa, kiache. Mambo yaliyomo ni maombi ya watu, na sanamu iliyonyang'anywa karatasi yake ili kila kimoja kiuzwe peke yake imepoteza ushahidi wa ilikotoka. Hilo huniuma kila nikutanapo na kishimo kitupu.

Tena muulize muuzaji imetoka wapi. Nyingi ziliharibiwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya mila na dini za kale, 1966 hadi 1976, na zilizosalia nyingine zilifichwa na familia kwa hatari kubwa. Ikiwa ni kubwa, ya hekaluni, na muuzaji hana maelezo, ondoka. Kanuni za China haziruhusu kutoa nchini vitu vya kale vya kabla ya 1911, na vya kuanzia hapo hadi 1949 navyo vina masharti yake, kwa hiyo pata kibali kabla hujafika uwanja wa ndege. Anayetaka ya kuweka nyumbani bila wasiwasi aende kwa mafundi wa Quanzhou, mkoani Fujian, au Lukang kule Taiwan, wanaochonga hadi leo, amwagize fundi sanamu mpya na kukaa karibu amwone akiichonga.