Usiitupe, iwekee Linux Mint

Dada, umeuliza kama hiyo kompyuta ya mezani iliyokataa Windows 11 ndiyo basi tena. Hapana! Kweli Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila mashine yenyewe haijafa. Iwekee Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows, toleo la Cinnamon. Menyu iko kulekule chini kushoto, mkono hautapotea.

Kabla ya lolote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka. Mimi nilinakili bila kukagua, folda ya picha za harusi ya mdogo wangu ikatoka tupu. Mpaka leo nanuniwa.

Flashi ya GB 8 inatosha. Pakua Mint, uiandike humo kwa programu ya balenaEtcher, halafu washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Mint itafanya kazi bila kugusa diski yako, kwa hiyo jaribu Wi-Fi, sauti na hasa printa. Printa ndizo zenye visirani. Ukiridhika, ndipo usakinishe. Ikikuuliza kuhusu kufuta diski nzima, soma mara mbili kabla ya kubofya.

Barua za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ingawa majedwali huweza kuchezacheza kidogo. Kama kazi yako ni Photoshop, hilo ni jambo lingine, bakiza Windows pembeni.

RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, ni ngapi? Ikiwa ni GB 2 au 4, chukua toleo la Xfce, ni jepesi zaidi.