Rongai, Kitengela au Ruiru? Anzeni na maji

SWALI: Habari mhandisi. Mimi nafanya kazi Upper Hill, mume wangu yuko EPZ (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje) kule Athi River. Mtoto wetu ana miaka miwili. Kodi ya hapa Donholm, Nairobi, imetushinda na tunataka kuhama mwezi wa nane. Uwezo wetu ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na hatuna gari. Kati ya Rongai, Kitengela na Ruiru twende wapi, na tukague nini kabla ya kulipa? – Mama Imani

JIBU: Mama Imani, Rongai ifuteni. Wewe ungefika kazini kupitia Lang'ata Road, lakini Baba Imani angezunguka hadi Mombasa Road kila siku, matatu juu ya matatu. Ruiru nayo ingempitisha Eastern Bypass mpaka Cabanas kwenye Mombasa Road, na hapo bado hajafika.

Kitengela inamfaa yeye, kwa sababu EPZ iko jirani. Wewe ndiye ungeumia na msongamano wa Mombasa Road. Kwa hiyo nawaongezea mtaa ambao hamkuutaja: Syokimau. Ina kituo cha treni ya abiria tangu 2012, na ukishuka stesheni ya mjini, Upper Hill unapanda kwa miguu. Yeye naye asubuhi atakuwa akielekea Athi River wakati umati unaingia mjini. Ila tafuteni nyumba mnayoweza kutoka kwa miguu hadi stesheni. Boda ya shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 22, ni shilingi 4,400. Hiyo ihesabuni pamoja na kodi.

Sasa maji, na hapa nawaomba msiharakishe. Syokimau na Kitengela ziko nje ya Kaunti ya Nairobi, na ploti nyingi huko zinategemea visima virefu vya mtambo au maji ya lori. Mwaka jana nilikagua nyumba moja upande huo, nzuri sana, vigae vinang'aa. Nikafungua birika la stima la mpangaji: ndani kulikuwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. Ule ni chokaa, utaharibu birika na hita tu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni floraidi, ambayo haionekani wala haina ladha, na visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vinayo kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa muda mrefu, meno ya kudumu huota na madoa ya kahawia yasiyosuguka, kwa sababu yanajengwa ndani ya ufizi tangu utotoni mpaka kama miaka minane. Imani yuko katikati ya umri huo.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki. Mwambieni mwenye nyumba awaonyeshe cheti cha maabara cha kisima chake. Akikosa, chukueni chupa ya maji mkayapime wenyewe. Yakizidi kikomo, ya kuoga na kufua ni sawa, lakini ya mtoto kunywa na kupikiwa nunueni yaliyochujwa kwa mtambo unaoondoa floraidi.

Jambo la pili ni udongo. Sehemu kubwa ya ukanda huo ni udongo mweusi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tazameni kona za madirisha: nyufa zilizokwenda mshazari zinaonyesha msingi unacheza. Udongo huo pia haunywi maji upesi, kwa hiyo shimo la maji taka hujaa haraka wakati wa masika. Ulizeni lori la kunyonya huja mara ngapi, na nani hulilipa.

Mnahama mwezi wa nane, kila kitu kikiwa kikavu. Mwezi wa nne 2024 mto Athi ulivunja kingo na maji yakaingia majumbani. Msimwulize dalali habari hizo. Mwulizeni mama wa kibanda aliye karibu na geti maji yalifika wapi mwaka ule, kisha angalieni chini ya ukuta wa nje kama kuna mstari wa tope uliopakwa rangi juu.

Kabla ya kulipa amana, nendeni siku ya kazi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtembee kutoka getini hadi stesheni mkiangalia saa na taa za njiani. Majibu ya maabara yakitoka, nitumieni niwasomee.