Jibu: Tozo ya 911 nchini Marekani huenda wapi?
Ndugu, umeuliza iwapo tozo ya 911, yaani namba ya simu ya dharura, inayoonekana kwenye bili ya simu nchini Marekani hufika kweli kwenye huduma ya dharura. Kwa sehemu kubwa hufika, ila si kila mahali. Tozo hiyo huwekwa na majimbo au mamlaka za mitaa, wala si serikali kuu, na ndiyo maana viwango hutofautiana. Sheria ya mwaka 2008 iliitaka Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano kuwasilisha bungeni, kila mwaka, taarifa ya jinsi fedha hizo zinavyokusanywa na kutumika, na taarifa hizo zimewahi kuyataja majimbo yaliyozihamishia kwenye matumizi mengine, New York na New Jersey yakiwemo. Kutajwa tu, kwa maoni yangu, ni adhabu nyepesi mno. Mwaka 2021 tume ilitunga kanuni zinazofafanua matumizi yanayokubalika, kama vile mishahara na mafunzo ya wapokeaji simu pamoja na mitambo yao. Na jimbo linalochepusha fedha hizo huweza kukosa ruzuku ya shirikisho iliyotengwa kwa ajili ya kuboresha 911.