Ukifika Saint-Louis ya Senegal, vuka daraja la pili

Wengi wanaorudi kutoka Senegal husimulia Dakar na kisiwa cha Gorée, basi. Ukiwauliza Saint-Louis watakwambia, "Tulipita, tukapiga picha, tukageuza." Na mimi nilikusudia hivyohivyo. Nilitoka Dakar alfajiri, nikafika saa saba mchana, na saa kumi na moja nilikuwa nimesharudi stendi kutafuta gari la kurudi. Magari yenyewe ni zile Peugeot ndefu za kizamani, wanaziita sept-places, abiria saba na halichezi mpaka lijae. Kufikia magharibi tulikuwa wanne. Nikabeba begi langu, nikarudi mjini kutafuta chumba, nikakaa siku nne. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ninao kwa bahati tu: lala huko, tena si usiku mmoja.

Halafu uelewe mji ulivyokaa, maana hapo ndipo wageni hupotea. Mji mkongwe uko kisiwani, ila kisiwa chenyewe kimo ndani ya mto Senegal, si baharini. Ni kembamba, kina urefu wa kilomita mbili na ushei, na upana wake unaumaliza kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Upande wa bara kuna daraja la Faidherbe, la chuma, lenye zaidi ya mita 500, lililofunguliwa mwaka 1897. Hilo ndilo liko kwenye kila kadi ya posta. Upande wa pili kuna daraja fupi lisilo na sifa yoyote, linakupeleka kwenye ulimi wa mchanga ulioko kati ya mto na Atlantiki. Huko ndiko Guet Ndar, mtaa wa wavuvi.

Kisiwani penyewe asubuhi moja inatosha. Najua nitalaumiwa kwa kusema hivyo. Wafaransa walianza kujenga hapo mwaka 1659, wakapaita kwa jina la mfalme wao. Wenyeji wanapaita Ndar mpaka leo. Palikuwa makao makuu ya Afrika Magharibi ya Kifaransa kuanzia 1895 hadi yalipohamishiwa Dakar mwaka 1902, na tangu 2000 pamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Utaona roshani za mbao na za chuma, kuta za manjano na nyekundu zinazomenyeka, na nyumba za masignare, wale wanawake wafanyabiashara walioolewa na Wazungu kwa mila za hukohuko wakatajirika. Pazuri. Lakini aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa sana, na vibanda vya vinyago kila kona vitamchosha.

Sasa fedha, maana nilijiaibisha. Sokoni niliulizia embe, muuzaji akasema "téeméer". Nilikuwa nimejifunza kuhesabu Kiwolofu kwenye simu, nikajua ni mia. Nikatoa sarafu ya faranga 100. Akaitazama, akanitazama, akacheka mpaka akaita jirani. Kumbe kwa Kiwolofu fedha huhesabiwa kwa tano tano: mia yao ni faranga 500, na elfu yao, "junni", ni faranga 5,000. Mtu wa Tanzania hapaswi kulalamika. Sisi wenyewe tuliita shilingi tano "dala", daladala zikapata jina. Ukitajiwa bei kwa Kiwolofu zidisha kwa tano, ukitajiwa kwa Kifaransa iache ilivyo. Na beba euro, shilingi zetu kule hazina mnunuzi.

Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Kilichonisaidia ni salamu. Ukipita kimya unaonekana huna adabu, kama kwetu tu. Anza na salaam aleekum, kisha utaulizwa "nanga def?", nawe ujibu "maa ngi fi rekk". Maana yake "nipo hapa tu". Hakuna Mswahili wa kufundishwa jibu hilo.

Guet Ndar nenda alasiri, ngalawa zinaporudi. Nasema ngalawa kwa kukosa neno. Ni mitumbwi mirefu ya mbao, imepakwa rangi kuanzia omo hadi tezi, ina majina ya masheikh ubavuni, inakimbizwa na mashine kupita kwenye mawimbi ambayo mvuvi wa Tanga angeyatazama mara mbili. Ikigusa mchanga tu, vijana wanaingia maji ya kifua na makreti ya samaki kichwani, wanakimbia kuelekea kwenye malori. Usisimame njiani mwao. Mimi nilisimama, nikapigwa kikumbo na kreti, shati likanuka dagaa siku mbili. Vaa makubazi ya kuoshwa. Kuna takataka, kuna kondoo waliofungwa katikati ya vyombo, kuna watoto kila mahali.

Simu ibaki mfukoni. Siku ya kwanza niliinyanyua nipige picha ya akina mama wanaoanika samaki. Mmoja akajifunika uso kwa mtandio, mwingine akanifokea, na alikuwa na haki. Kesho yake nikarudi mikono mitupu, nikasalimia, nikamwita yaay, yaani mama, nikanunua samaki. Nikapewa kibao cha kukalia na chai ya attaya. Hupikwa mara tatu kwenye birika dogo: ya kwanza chungu, ya mwisho sukari tupu. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza si ustaarabu, kwa hiyo jipe saa nzima.

Kusini mwa mtaa kuna makaburi ya wavuvi, mengi yamefunikwa nyavu. Nilisoma Fatiha nikiwa ukutani, sikuingia.

Upande wa baharini utaona nyumba zilizobaki nusu, chumba kimoja kiko wazi kwa bahari. Mwaka 2003 mto ulitishia kuuzamisha mji, ukachimbwa mfereji wenye upana wa mita nne kwenye ule ulimi wa mchanga ili maji yatoke. Bahari ikaupanua mpaka ukawa kilomita kadhaa, kijiji cha Doun Baba Dieye kikamezwa, na wavuvi wanakufa kwenye mlango huo wakiingia na kutoka. Usiogelee karibu na hapo, hata ukiambiwa maji yametulia.

Chakula: ceebu jën, wali wa chenga na samaki, mboga na ukwaju. Mapishi yake yanahesabiwa ni ya mji huu, ya mpishi aitwaye Penda Mbaye, na jina la kwanza nalipenda kwa sababu zangu. Kula mchana, saa nane hivi, jioni utapewa kiporo. Sinia ni moja, kila mtu ale mbele yake. Omba xooñ. Ni ukoko, na wanaugombea kama sisi.

Tarehe 5 Septemba epuka kama hujaweka chumba: Wamuridi, wafuasi wa tarika kubwa ya Senegal, hujaa mjini kukumbuka rakaa mbili ambazo mwanzilishi wao, Sheikh Ahmadou Bamba, anasimuliwa kusali mbele ya Wafaransa mwaka 1895, kabla ya kupelekwa uhamishoni Gabon. Desemba na Januari ni nzuri, ila usiku beba sweta.

Siku ya kurudi yaay alinifungia guedj, samaki mkavu, ndugu yake ng'onda lakini mwenye harufu ya hasira zaidi. Nikaizungushia gazeti, kanga na mfuko, nikaiweka chini kabisa ya begi. Hatujafika Louga dereva akateremsha kioo, akauliza kitu kwa Kiwolofu. Abiria wote sita wakageuka kunitazama.