Presha ya kliniki na presha ya nyumbani: tuamini ipi?

SWALI: Daktari, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 76 na ametumia dawa za presha kwa miaka kadhaa. Kila tunapokwenda kliniki anakutwa na 165 kwa 90 au zaidi, lakini kwa mashine tuliyomnunulia nyumbani anapata 130 kwa 75, na asubuhi nyingine namba ya juu hushuka hadi 118. Kliniki wanafikiria kumwongezea dawa, na ndugu zangu wanasema mashine yetu ni mbovu. Siku hizi akiamka alfajiri hushika ukuta kwanza ndipo atembee. Tena hujipima hata mara nane kwa siku, na akiona namba imepanda halali. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, katika barua yako yote kilichonishtua zaidi ni huko kushika ukuta, nami nitakurudia. Nianze na namba. Si lazima kliniki au mashine yenu iwe imekosea, kwa kuwa shinikizo la damu hupanda na kushuka kutwa nzima, na kwa watu wengi hupanda pale tu wanapoketi mbele ya mhudumu wa afya, hata kama wenyewe hawahisi hofu yoyote. Kwa wazee jambo hili huonekana zaidi, maana mishipa mikubwa hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na namba ya juu huyumba kuliko ya kijana. Ipo pia hali iliyo kinyume, yaani namba nzuri kliniki na mbaya nyumbani, ambayo ni ya hatari kwa sababu hakuna anayeitilia shaka.

Ubovu wa mashine hupimika. Ipelekeni kliniki, mama apimwe kwa yao na kwa yenu, mkono uleule, dakika chache zikipita kati ya vipimo. Mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko ni ya kutegemewa kuliko ile ya kifundo cha mkono, na mkanda ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Apimwe mikono yote miwili mara ya kwanza. Ukiwapo mkono unaosoma juu zaidi, huo ndio utumike siku zote. Kama mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, mwambieni daktari, kwa kuwa mashine hizi huweza kukosea kwa mtu wa namna hiyo.

Makosa mengi, hata hivyo, nimeyaona kwenye upimaji wenyewe. Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mkanda umefungwa juu ya nguo, na huku mashine ikijaza upepo mjukuu anamuuliza jambo naye anajibu. Namba itakayotoka hapo haifai kuandikwa. Aende haja ndogo kwanza, akae kimya dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage sakafu, mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, na mtu yeyote asizungumze. Kahawa, sigara na kazi za kuchosha zikae mbali kwa nusu saa kabla ya kipimo.

Kwa siku 7 apimwe mara mbili asubuhi kabla ya dawa na chakula, na mara mbili jioni, akipumzika dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Acheni namba za siku ya kwanza, kisha tafuteni wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu, sawa na 140 kwa 90 ya kliniki, ingawa lengo la mama hasa litapangwa na daktari wake kwa kuzingatia afya yake yote.

Sasa ule ukuta. Asubuhi, baada ya kumpima akiwa amekaa, mwambieni asimame huku mmoja wenu akiwa karibu naye, mumpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, damu yake inachelewa kufika kichwani anaposimama, na hapo kuongeza dawa kwa kuangalia namba ya kliniki peke yake kunaweza kumwangusha na kumvunja nyonga. Msipunguze wala kusimamisha dawa wenyewe. Pelekeni daftari mapema, kabla ya dozi mpya kuanza. Daktari akibaki na shaka, anaweza kumvalisha kipimo cha saa 24, ambacho humpima hata akiwa usingizini.

Kuhusu kujipima mara nane, mpunguzieni. Wasiwasi wenyewe hupandisha namba, naye huipima tena kwa hofu zaidi. Geuzeni kioo cha mashine kielekee kwako, wewe usome na kuandika, na baada ya wiki hiyo mashine iwekwe kabatini hadi daktari atakapoihitaji tena. Namba ikifika 180 kwa 120, apumzike dakika chache apimwe upya, na ikibaki hapo mpigieni daktari siku hiyohiyo. Ila akipata maumivu ya kifua, akishindwa kupumua vizuri, mdomo ukienda upande au maneno yakigoma kutoka, msisubiri mashine iseme lolote, mkimbizeni hospitali.